Mezani, Mkalimani ni wa Nani?

Mwaka 1972, wakati milima ikiendelea kutobolewa ili reli ya TAZARA ipite, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, kwenye chuo cha mambo ya reli kilichokuwa kikiitwa Jiaotong cha Kaskazini. Walikwenda kusomea vichwa vya treni, mabehewa, ishara na mawasiliano, ujenzi wa njia na hesabu za fedha za shirika la reli. Kabla ya kugusa lolote kati ya hayo, walikalishwa darasani wakafundishwa Kichina. Mwaka 1975 zaidi ya 170 kati yao walihitimu wakarudi nyumbani. Reli ilipokabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, palikuwa na Watanzania na Wazambia waliosoma kazi hiyo kwa lugha ya walioijenga.

Chuo hicho bado kipo. Leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing, na tangu 2016 vijana wa Kenya nao wamekuwa wakipelekwa hapohapo kwa ufadhili wa CRBC, kampuni iliyojenga reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi. Septemba 2024, jijini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na mwenzake wa Zambia, Hakainde Hichilema, wakiwa pamoja na Rais Xi Jinping, walishuhudia kutiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Nusu karne imepita na meza za mazungumzo zimezidi kuwa nyingi: bandari, migodi, barabara, viwanda, minara ya simu. Kwenye meza hizo kuna mtu mmoja ambaye picha za magazeti huwa zinamkata, aliyeketi nyuma kidogo ya wakubwa na kalamu yake. Mkalimani huyo ni wa nani?

Mara nyingi ni wa upande wa pili. Wala hakuna wa kulaumiwa isipokuwa waliochelewa, kwa sababu China ilianza kuwaandaa watu wake mapema mno. Kiswahili kilianza kufundishwa katika vyuo vya Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla Zanzibar na Kenya hazijapata uhuru. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Peking, ambayo wasikilizaji wa baadaye waliijua kama Radio China Kimataifa, ilikwenda hewani Septemba 1961. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na hawajaacha kupokezana zamu mpaka leo. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 hakusahau kuitaja. Mpaka leo kuna wanafunzi wa Kichina wanaoletwa Dar es Salaam na Unguja kunoa Kiswahili, wakajifunza kumwamkia mzee shikamoo na kupiga porojo barazani, kisha wakaajiriwa na ubalozi, shirika la habari au kampuni ya ujenzi.

Upande wa Afrika nao umepeleka watu, tena wengi. Takwimu za Wizara ya Elimu ya China zinaonyesha kuwa mwaka 2003 wanafunzi wa Kiafrika nchini humo walikuwa 1,793 tu. Mwaka 2018 walifika 81,562, kati ya wanafunzi wa kigeni 492,185. Idadi hiyo ikisomwa harakaharaka inapendeza. Uchungu wake uko kwenye lugha waliyofundishiwa. Sehemu kubwa yao, hasa wa udaktari na wa shahada za uzamili, walikwenda China kusoma kwa Kiingereza.

Hapo ndipo biashara yenyewe inapoharibika. Kijana anasafiri maili elfu kadhaa hadi nchi yenye watu bilioni moja na milioni mia nne, anakaa miaka mitano au sita, kisha anarudi akijua kuagiza wali na kuku, kumwelekeza dereva wa teksi na kushusha bei sokoni. Darasani alifundishwa na profesa ambaye Kiingereza chenyewe kilikuwa kikimpa tabu. Akienda wodini kwa mafunzo ya vitendo, mgonjwa ni bibi wa kijijini anayesema lahaja ya huko kwao, na mwanafunzi anabaki nyuma ya daktari akisubiri kutafsiriwa historia ya ugonjwa kwa sentensi mbili. Mazungumzo yote kati ya daktari na mgonjwa, ambayo ndiyo nusu ya udaktari, yamempita. Vyuo vyenyewe vimeliona tatizo, na siku hizi vingi vinamdai hata anayesoma kwa Kiingereza afaulu ngazi fulani ya mtihani wa Kichina, HSK, kabla ya kupewa cheti. Ni hatua nzuri. Lakini kudaiwa Kichina ili uhitimu ni jambo moja, na kusoma taaluma yako kwa Kichina ni jambo jingine kabisa.

Njia ya pili ipo, na wengi huikimbia kwa sababu ya mwaka mmoja. Anayepata ufadhili wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza inayofundishwa kwa Kichina hupelekwa kwanza kwenye mwaka wa maandalizi, katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Lugha na Utamaduni cha Beijing, kilichoanzishwa 1962 mahsusi kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, au vyuo vya Tianjin, Shandong na Wuhan. Wa uzamili na uzamivu wanaweza kuongezewa muda wa lugha mpaka miaka miwili. Wazazi wengi wakisikia hivyo hushika kichwa: mwaka mzima wa kusoma lugha tu? Mtoto wa jirani aliyekwenda kusoma kwa Kiingereza si atamaliza kabla?

Atamaliza kabla, ndiyo. Ila inafaa kujua mwaka huo unakuwaje.

Vipindi huanza saa mbili asubuhi, kwa kawaida kwa muda wa saa nne kila siku, siku tano kwa juma. Somo la jumla lina kitabu chake, la kusikiliza lina chake, la kuzungumza lina chake, la kusoma na kuandika vivyo hivyo. Karibu kila asubuhi kuna imla: mwalimu anasoma maneno, darasa linaandika herufi za Kichina bila kutazama popote. Kosa la kistari kimoja ni kosa. Katika mwaka wa maandalizi, wanaokwenda kusomea sayansi huongezewa hisabati, fizikia na kemia kwa Kichina, ili siku ya kwanza chuoni wasishangae maneno ya darasani. Mchana ni wa kukariri. Usiku pia ni wa kukariri. Wanaoishi kaskazini mashariki, huko Changchun na Harbin, hukariri wakiwa chumbani kwa lazima, maana nje baridi hushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, na Mtanzania aliyezoea kipupwe cha Njombe anagundua kwamba kumbe hakuwahi kuijua baridi.

Matarajio ya mwisho wa mwaka ni HSK ngazi ya nne, ambayo kwa mpangilio uliozoeleka inadai maneno 1,200. Hapa hesabu ndogo itasaidia. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba Mmarekani anahitaji saa 2,200 za darasani ili akimudu Kichina kikazi, na saa 900 ili akimudu Kiswahili. Mwaka wa maandalizi, kwa saa 20 kwa juma na majuma yapatayo 36, unampa mwanafunzi saa 720. Hiyo ni karibu theluthi ya safari. Kijana anaingia mwaka wa kwanza wa uhandisi akiwa na theluthi hiyo, anakaa na wanafunzi wa Kichina waliopigana na mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, na mhadhiri hapunguzi mwendo kwa ajili ya mgeni. Muhula wa kwanza huwa wa machozi. Anayeutetea mwaka wa lugha bila kutaja hilo anawadanganya wazazi, na hitilafu iliyopo kwenye mwaka huo ni kwamba ni mfupi.

Jambo moja linawasaidia watu wa Afrika Mashariki, nalo halisemwi sana. Kichina ni lugha ya toni: silabi ileile ikipandishwa au kushushwa sauti inakuwa neno jingine. Kiswahili hakina toni, kwa hiyo aliyekulia Kiswahili peke yake huanza kama kiziwi. Lakini aliyelelewa kwa Kikikuyu, Kihaya, Kichaga, Kiganda au Kinyarwanda amezisikia toni tangu mgongoni mwa mama yake, hata kama hakuna shule iliyomwambia. Mtu wa Mombasa naye ana karata yake: anayetofautisha paa wa porini, kwa pumzi mdomoni, na paa la nyumba, bila pumzi, ameshabeba tofauti ambayo Kichina kinaitumia kutenganisha konsonanti zake nyingi. Walimu wa Kichina wanaofundisha Afrika hawajaelezwa hayo, na vitabu wanavyotumia vimeandikiwa wanafunzi wanaofikiri kwa Kiingereza. Mtoto wa Muleba anajifunza lugha ya nne kwa kupitia ya tatu, wakati ya kwanza ingemfikisha mapema zaidi.

Kuhusu fedha, ufadhili wa serikali ya China hulipa ada na malazi, na juu yake posho ya yuani 2,500 kwa mwezi kwa wa shahada ya kwanza, 3,000 kwa wa uzamili na 3,500 kwa wa uzamivu. Huo mwaka wa lugha umo ndani ya ufadhili. Anayejilipia mwenyewe ana mzigo mwingine: ada ya kozi ya lugha peke yake katika vyuo vingi ni kati ya yuani 15,000 na 25,000 kwa mwaka, kabla ya chumba, chakula na bima. Familia ya kawaida ya Morogoro au Kisumu haina sababu ya kuuza shamba kwa ajili hiyo wakati kuna ufadhili wa muhula au mwaka mmoja kwa ajili ya lugha pekee, unaoombwa kupitia Taasisi za Confucius, vituo vya kufundishia Kichina. Ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilifunguliwa 2005. Tanzania ilipata zake mwaka 2013, Dodoma na Dar es Salaam.

Aliyefika naye anaweza kuupoteza mwaka huo akiwa palepale chuoni. Vyuo vya China huwapangia wageni jengo lao, lenye lango lake na mlinzi wake, mbali na mabweni ya wenyeji. Sababu zinazotolewa ni nzuri: vyumba vya wageni vina nafasi zaidi, wenyeji wanabanana hata sita chumbani. Matokeo yake ni mabaya. Mkongo anaishi na Mrwanda, Mtanzania na Mzambia, Jumamosi kuna pilau, jioni kuna soka, simu ina kundi la wanafunzi wa nyumbani na habari zote za Dar es Salaam. Ukarimu huo ndio unaomtunza mtu asirukwe na akili ugenini, na hakuna wa kuudharau. Lakini mwezi unapita kijana hajazungumza Kichina nje ya darasa zaidi ya kwenye kantini. Chuo kinachomlipia mgeni ajifunze lugha, kisha kikamfungia mbali na wenye lugha, kinajipinga chenyewe, na balozi za Afrika Mashariki mjini Beijing zingekuwa zimefanya kazi ya maana kama zingelipigia kelele jambo hili kuliko kungoja sherehe za siku ya uhuru.

Wanaotoboa ni wale wanaotoka. Chuo Kikuu cha Zhejiang Normal, mshirika wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Taasisi ya Confucius, kiko Jinhua, na kutoka Jinhua hadi Yiwu ni mwendo mfupi wa treni. Yiwu ndiko kwenye soko kubwa la jumla ambako sehemu ya vijiti vya nywele, vyombo vya plastiki, mapambo ya harusi na vitu vya kuchezea vya Kariakoo inaanzia safari yake. Guangzhou, kusini, ndiko kwa nguo, viatu na vipuri. Mfanyabiashara wa Kariakoo akishuka huko anamtafuta mtu wa kumsemea, na mwanafunzi wa Kiafrika anayejua lugha anageuka kuwa dalali. Maneno anayoyahitaji hayamo kwenye HSK ngazi ya nne: ujazo wa kontena, malipo ya awali, sampuli, mzigo uliochakachuliwa, tarehe ya kupakia melini. Siku moja ndani ya ghala inafundisha kisichofundishwa na kitabu, maana muuzaji hasemi polepole wala harudii.

Sheria, hata hivyo, haina mzaha. Mwanafunzi mwenye kibali cha ukaazi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini ya chuo na kuandikishwa polisi, na wapo waliokwisha kupigwa faini na kurudishwa kwao kwa kudhani kazi ya siku mbili sokoni haihesabiki. Idhini inapatikana ikiombwa. Iombwe.

Historia ya Waafrika waliokwenda kujifunza Kichina ina kurasa chungu, na si haki kuzifunika. Emmanuel Hevi, Mghana, alifika Beijing mwaka 1960 akiwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa, akasoma lugha, kisha akaondoka na kuandika kitabu, An African Student in China, kilichotoka 1963. Alieleza siasa za kulazimishwa, upelelezi, upweke, ubaguzi, na pia ugumu wa lugha yenyewe. Mmoja wa watu katika kisa chake kikubwa ni kijana wa Kizanzibari aliyepigwa kwenye hoteli ya Beijing mwaka 1962 kwa ugomvi ulioanzia kwenye kununua sigara, na kipigo hicho kikawafanya wanafunzi wengi wa Kiafrika waamue kuondoka. Desemba 1988, Nanjing, ugomvi wa mlangoni kwenye sherehe ya mkesha wa Krismasi katika chuo cha Hehai uligeuka maandamano ya siku kadhaa dhidi ya Waafrika. Aprili 2020, Guangzhou, Waafrika walifukuzwa majumbani na hotelini kwa hofu ya korona, wanafunzi wakiwamo.

Janga hilohilo lilionyesha jinsi mwanafunzi wa lugha anavyokuwa hana nguvu. China ilifunga mipaka kwa wageni mwishoni mwa Machi 2020, na wanafunzi hawakuanza kurejea kwa wingi hadi viza zilipofunguliwa tena Agosti 2022. Waliokuwa nyumbani wakati mipaka inafungwa walifundishwa kwa mtandao. Kipindi cha saa mbili asubuhi Beijing ni saa tisa usiku Dar es Salaam. Kuna vijana walioamka saa tisa usiku, bando likikatika kila baada ya dakika kumi, kurudia toni mbele ya simu. Mihula ilihesabiwa, ila jijini Beijing hawakuwapo kupanga foleni, kuuliza njia wala kupatana bei.

Je, kwa yote hayo, bado kuna hoja? Ipo, na Hevi mwenyewe ndiye shahidi wake bora. Kitabu chake kilikuwa na makali kwa sababu aliishi ndani ya lugha. Alisikia kilichosemwa kwenye mikutano na mitaani bila kupewa muhtasari na ofisa. Wanaohofu kwamba ufadhili wa China ni chambo cha kuwateka vijana wa Afrika wangekumbuka kwamba Mwafrika aliyeisema China kwa ukali kuliko wengi wa zama zake alikuwa ameanza kwa kujifunza Kichina. Kila nchi inayofundisha wageni lugha yake ina lengo lake, kuanzia Waingereza na British Council mpaka Wafaransa na Alliance Française, na hakuna aliyewahi kushauri watoto waache Kiingereza kwa sababu Waingereza walikuwa na nia yao. Mwenye lugha anaweza kukubali au kukataa. Asiye nayo anakubali au kukataa kile alichotafsiriwa.

Hoja ya simu nayo haina uzito inaodhaniwa. Ni kweli programu za kutafsiri zimekuwa hodari, na mchuuzi wa Yiwu na mteja wa Kampala wanaweza kumalizana kwa kuonyeshana vioo. Mkataba wa ujenzi wa miaka 20 haumaliziki hivyo. Mkataba wa lugha mbili huwa na kifungu kinachosema nakala ya lugha ipi ndiyo itakayotawala pakizuka mgogoro, na mwingine unataja usuluhishi ufanyikie Beijing. Pale lazima awepo mwanasheria wa Mombasa, Bujumbura au Mtwara anayesoma nakala ya Kichina kwa macho yake mwenyewe na kujua neno lililochaguliwa badala ya jingine linamlinda nani.

Wanasheria wa aina hiyo hawapatikani kwa bahati, na mipango iliyopo haiwaandai. Januari 2019 Kenya ilitangaza kwamba Kichina kingeingia katika mtaala wa shule za msingi kuanzia 2020. Uganda ilikianzisha katika shule 35 za sekondari mwaka 2019. Tanzania nayo ina shule za sekondari zinazokifundisha. Hizo ni habari njema ambazo zina tundu katikati: kazi hiyo imeegemea mno walimu wanaoletwa kutoka China, wanaokaa miaka miwili au mitatu na kuondoka. Mwalimu mzawa aliyesoma ualimu wa Kichina huko China, ambaye angejua kwa nini darasa la Bukoba linazisikia toni haraka kuliko darasa la Tanga, bado ni nadra. Ufadhili wa shahada ya kwanza na uzamili katika ualimu wa Kichina upo na unatangazwa kila mwaka. Serikali zingeweza kuuelekeza kwa walimu wenye leseni na nafasi za kazi zinazowangoja, badala ya kuwaachia vijana wajiombee mmoja mmoja na kurudi kwenye soko lisilowajua.

Soko hilo ni shida ya pekee. Mhitimu anayerudi na HSK ngazi ya sita na shahada ya uhandisi iliyofundishwa kwa Kichina huchukuliwa upesi, na anayemchukua ni kampuni ya Kichina, aitumikie kama mkalimani wa kambi ya ujenzi. Hakuna ubaya, ni kazi halali na inalipa. Lakini ofisi ya mwanasheria mkuu, mamlaka ya mapato inayopokea ankara za Kichina, mamlaka ya bandari, mashirika ya viwango yanayokagua bidhaa za Guangzhou, kituo cha uwekezaji, zote hizo zina haja naye kuliko kambi ile, na ni nadra kuona tangazo la kazi serikalini linalotaja Kichina kama sifa. Matokeo yake nchi inamwandaa kijana, China inamlipia, na akirudi anaketi upande uleule wa meza aliokuwa ameketi mkalimani wa zamani.

Kinachotakiwa hakihitaji sera ya kurasa mia. Balozi za Tanzania, Kenya na Uganda mjini Beijing zidai miaka miwili ya lugha, badala ya mmoja, kwa nafasi za shahada ya kwanza zinazotolewa chini ya makubaliano ya serikali kwa serikali. Sehemu ya nafasi hizo itengwe kwa sheria, viwango vya bidhaa, ualimu na ukalimani, kwa sharti la kutumikia umma miaka kadhaa baada ya kurudi. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vya Beijing vinavyofundisha Kiswahili vishirikiane kuandaa vitabu vya Kichina kwa wanaofikiri kwa Kiswahili, bila Kiingereza kupita katikati. Tume za utumishi zianze kuitaja lugha hiyo kwenye matangazo ya kazi. Na wanafunzi wenyewe, wakifika, waombe chumba na wenyeji pale panapowezekana, na wakikataliwa watafute mwenza wa lugha, kwaya, timu ya kikapu, kantini ya Waislamu au mgahawa wa tambi za Lanzhou, popote ambapo Kichina kinasemwa kwa kasi yake ya kawaida.

Fomu ya kuomba ufadhili wa serikali ya China ina mahali inapomtaka mwombaji achague lugha anayotaka kufundishiwa. Ni kisanduku kidogo, na wengi hujaza Kiingereza bila kufikiri mara mbili, kwa sababu ndicho walichosomea sekondari. Wazazi na walimu wakae na vijana wao kabla kisanduku hicho hakijajazwa, na wizara za elimu zichapishe kila mwaka ni wangapi walioondoka kwenda kusoma kwa Kichina na wamepangiwa kazi gani wakirudi.